Pikapu ya Turbo na Mmiliki wa Tatu

Aliyewahi kutafuta gari la Japani lililotumika, iwe Dar es Salaam au Nairobi, huenda alishaambiwa na fundi: "Hiyo ni D4, achana nayo." Fundi hakueleza zaidi, na mnunuzi hakuuliza. D4 ilikuwa injini ya petroli ya Toyota iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, ambayo nozeli zake hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kuipulizia kwenye njia ya hewa kama injini za kawaida. Zilipotufikia ndani ya Noah, Voxy na RAV4 zilikuwa zimeshakula miaka. Zikakutana na petroli isiyoaminika na mafundi wasio na mashine ya kuzipima, zikaanza kumisi na kutetemeka zikisimama kwenye taa. Jina likaharibika, na halijasafishika mpaka leo.

Naikumbusha D4 kwa sababu wengi wetu tulioko Marekani na Kanada tunanunua ndugu yake mkubwa bila kujua kwamba ni ukoo mmoja. Ford F-150 nyingi, Silverado ya silinda nne, Tundra mpya, Ram mpya nyingi: hizi zote zina injini ya petroli iliyopunguzwa ukubwa, nozeli ndani ya silinda, na turbo moja au mbili za kufidia ukubwa uliopungua. Mwenye kazi ya kukata nyasi Dallas, anayehamisha watu vyombo Columbus, anayesukuma theluji Minneapolis, akiingia sokoni na dola elfu ishirini atakuta nyingi ni za namna hii. Swali ninaloulizwa kila wiki ni moja: zinadumu?

Zinadumu. Ila uimara wake umefungwa kwenye oili na kwenye tabia za waliolimiliki gari kabla yako, kuliko ilivyokuwa kwa V8 za zamani. Anayelipia tabia hizo mara nyingi ni mmiliki wa tatu.

Nianze na injini moja yenye namba. Ford ilipoweka injini ya EcoBoost ya lita 3.5 kwenye F-150 ya 2011, wapenzi wa V8 walicheka: silinda sita zivute trela? Kampuni ikachukua injini moja, 448AA, ikaitesa hadharani. Iliendeshwa kwenye benchi la majaribio kazi inayolingana na maili 150,000. Ikafungwa kwenye pikapu ikavuta magogo Oregon. Ikapelekwa uwanja wa mbio wa Homestead-Miami ikazunguka saa 24 na trela la zaidi ya tani tano. Ikakimbia Baja 1000 katika jangwa la Meksiko. Januari 2011 ikafunguliwa vipande vipande mbele ya watu Detroit, na ndani ilikuwa nzima.

Siutilii shaka mtihani ule. Ila injini ile, maisha yake yote, ilikuwa na mhandisi pembeni aliyejua oili yake ina saa ngapi. Haikukutana na mtu wa mkopo wa miezi 72 anayeona taa ya sevisi imewaka akasema "mwezi ujao." Haikukaa miaka sita ikienda dukani na kurudi, dakika nane kwenda, dakika nane kurudi, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri. Chuma kilifaulu, lakini pikapu unayoitazama kwenye yadi ya muuzaji ilifanya mtihani mwingine kabisa, na majibu yake hayakubandikwa popote.

Tuone basi uharibifu unaingilia wapi.

Wa kwanza ni ule wa D4. Petroli ikipuliziwa kwenye njia ya hewa, inaosha mgongo wa valvu kila mzunguko. Ikipuliziwa ndani ya silinda, valvu ya kuingizia hewa haioni tone la petroli maisha yake yote. Inachokiona ni mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumbo la injini, na mvuke huo ukigusa chuma cha moto unaganda kuwa masizi magumu. Baada ya maili elfu themanini au laki moja hewa inapita kwa shida, injini inatetemeka ikiwa baridi, nguvu inapungua. Zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi hazifiki hapo. Zinapita na petroli, na petroli haipiti kwenye valvu. Kinachosaidia kweli ni kuvua manifoldi na kuyapiga masizi kwa maganda ya walnut yaliyosagwa, kazi ya dola mia kadhaa. Watengenezaji wenyewe walilielewa: Ford iliongeza seti ya pili ya nozeli, kwenye njia ya hewa, kwa injini ya 3.5 ya F-150 kuanzia modeli ya 2017 na kwa ile ya 2.7 kuanzia 2018. Toyota ilishafanya hivyo miaka mingi nyuma kwenye injini ilizoziita D-4S. Kwa hiyo, ukiwa na chaguo kati ya F-150 ya 2016 na ya 2018 zenye bei inayokaribiana, tayari una sababu moja ya kuegemea upande mmoja.

Masizi, hata hivyo, hayaui injini. Yanakera tu. Kinachoua ni oili iliyoharibika, na hapa nitakaa zaidi.

Nozeli ya injini hizi husukuma petroli kwa shinikizo la zaidi ya pauni 2,000 kwa inchi mraba. Tairi lako lina 35. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli, na sehemu yake hugonga ukuta wa silinda kabla haijawaka, ikateremka kupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Ukiendesha saa nzima, oili inapata moto wa kutosha na petroli hiyo inapaa. Ukiendesha dakika nane, inabaki. Kesho inaongezeka nyingine. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya wali, na oili hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kulainisha mhimili wa turbo unaozunguka hadi mara 170,000 kwa dakika, jirani na moshi wenye joto la kuyeyusha alumini.

Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia "gari hili halijateswa, lilikuwa la mama mmoja wa kwenda kanisani." Kwa V8 ya zamani hiyo ilikuwa sifa. Kwa turbo yenye nozeli ndani ya silinda, hasa Minnesota, Maine au Winnipeg, huyo mama ndiye mtesaji. Afadhali pikapu yenye maili 140,000 za barabara kuu kuliko yenye 60,000 za mtaani wakati wa baridi.

Jambo la pili ambalo oili inabeba ni cheni ya taimingi. Watu husema cheni "imevutika" kana kwamba ni mpira. Haivutiki. Aliyewahi kuwa na baiskeli anajua: kila kiungo kinalika kidogo, na viungo mia vikilika kidogo kidogo, cheni nzima inakuwa ndefu. Injini hizi huzalisha chembe za masizi laini kuliko unga, na chembe hizo zikiwa kwenye oili iliyochoka zinafanya kazi ya msasa kwenye kila kiungo. EcoBoost za mwanzo zilipata sifa mbaya kwa hili. Na kwa F-150 za 2017 hadi 2020 zenye 3.5, tatizo lilikuwa kwenye vichwa vya kamshafti vinavyobadili wakati wa valvu kufunguka: vilikuwa vikigonga gari likiwashwa baada ya kulala, mpaka Ford ikatoa mpango maalumu wa kuwasaidia wateja. Kazi yoyote kati ya hizo mbili, nje ya waranti, ni dola elfu kadhaa.

La tatu ni la hatari zaidi ingawa halitokei mara nyingi. Uko kwenye mwinuko, trela nyuma, gia kubwa, injini inazunguka polepole, nawe umekanyaga. Turbo inajaza hewa nyingi kwenye silinda isiyo na haraka. Tone dogo la oili iliyochanganyika na petroli linaweza kujiwakia lenyewe kabla plagi haijatoa cheche. Pistoni inapanda, mlipuko unashuka, wanakutana njiani. Inatosha kupasua pistoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba viungo vya oili yenyewe, hasa kalsiamu ya kusafishia, vinachangia. Ndiyo maana daraja la API SN Plus lilitolewa Mei 2018, kisha API SP Mei 2020, likiwa na jaribio la mlipuko huo na jaribio la ulikaji wa cheni. Kwa hiyo chupa ya bei rahisi yenye daraja la zamani, hata kama unene wake ni ule ule, si oili ya gari hili. Tazama duara la nyuma ya chupa: SP, au lililokuja baada yake.

Sasa, mara ngapi? Dashibodi inaweza kukuruhusu uende hadi maili 10,000. Mimi nasema 5,000, na kwa anayevuta trela, anayesukuma theluji au anayeenda safari fupi wakati wa baridi, hata 4,000. Najua kitabu cha gari kinasema vingine, na sisemi kinadanganya. Waranti ya injini kwa pikapu nyingi ni miaka 5 au maili 60,000. Ratiba ya kiwanda inaufikisha mtambo huko bila wasiwasi, na inamwezesha muuzaji kutangaza kwamba gari lina gharama ndogo ya matunzo. Wewe unayelinunua likiwa na 85,000, ukitaka likufikishe 200,000, hiyo si ratiba yako. Oili ya ziada mara mbili au tatu kwa mwaka haifikii hata robo ya bei ya turbo moja.

Na kijiti cha kupimia oili kisiwe pambo. Kila wiki mbili, gari likiwa pahali tambarare, kivute. Ikiwa oili imepungua, utajua inaliwa. Ikiwa imeongezeka na hukuongeza, kinuse: harufu ya petroli maana yake ni kwamba safari zako ni fupi mno, au nozeli moja inavuja. Kuna maabara hapa Marekani zinazopokea kichupa cha oili yako kwa posta na kukuandikia ina petroli kiasi gani, chuma kiasi gani, na maji ya rejeta kama yapo. Hugharimu makumi machache ya dola. Kabla ya kununua pikapu ya dola elfu ishirini na tano, mwombe muuzaji akuruhusu kuchota kichupa hicho. Akikataa kwa ukali, ameshakujibu.

Tuje kwenye kununua. Panga kwenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muulize kwa nini limepashwa, kisha urudi kesho. Likiwa baridi, fungua boneti, mtu mwingine awashe, wewe sikiliza upande wa mbele wa injini. Mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kama mnyororo unaokokotwa kwenye bati ni cheni au vile vichwa vya kamshafti. Usikubali maneno ya "zote zinafanya hivyo." Zote hazifanyi.

Halafu liendeshe, likiwa limepata moto. Tafuta mwinuko, kanyaga kwa nguvu ukiwa gia ya juu. Likimisi wakati huo tu, mara nyingi ni plagi au koili: hewa ikibanwa na turbo, cheche hupata shida kuruka, na plagi iliyochakaa ambayo gari la kawaida lingeivumilia hapa inashindwa. Hizo ni rahisi, badilisha kila maili 50,000 au 60,000 usingoje 100,000. Kwenye F-150 za mwanzo za EcoBoost kulikuwa na sababu nyingine ya kumisi: unyevu wa hewa uligeuka kuwa maji ndani ya intakula, ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo, na ukikanyaga ghafla siku ya mvua injini ilikunywa maji hayo na kukohoa. Wapo waliotoboa tundu dogo chini yake maji yatoke. Fundi aliyelibuni alikuwa na akili, ingawa kampuni haikulipenda. Chini ya gari tazama unyevu wa oili na wa maji ya rejeta kwenye mabomba ya turbo. Kwa ile ya 2.7, kodoa macho kwenye sampu ya oili, maana ni ya plastiki na huvuja.

Risiti ni muhimu kuliko rangi. Pikapu yenye risiti kumi na mbili za oili, hata zikiwa za gereji za mitaani, inashinda inayong'aa isiyo na karatasi. Wewe pia zitunze zako. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss haimruhusu mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu ulifanya sevisi nje ya duka lake. Atakachotaka siku ya ubishi ni ushahidi kwamba sevisi ilifanyika, na ushahidi huo ni karatasi yenye tarehe na maili. Wengi wetu tunamwagiana oili uani kwa jamaa Jumamosi; hakuna ubaya, weka risiti ya oili na filta, piga picha ya dashibodi.

Kuna makosa ambayo hata oili safi haiyaponyi, nayo ni ya kiwanda. Toyota, ambayo jina lake kwetu ni karibu sawa na neno gari, iliiondoa V8 kwenye Tundra ya 2022 ikaweka V6 yenye turbo mbili. Mei 2024 iliita zirudishwe kukarabatiwa gari zipatazo 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu chembe za chuma za uchongaji zilikuwa zimebaki ndani ya injini na kuweza kula bering. Ikaamua kubadilisha injini nzima. Mwaka huo huo Ford iliita magari 90,736 ya 2021 na 2022, F-150 yakiwemo, kwa sababu valvu za kuingizia hewa zingeweza kukatika. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola mia ya kushikilia gari, chukua ile namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, iweke kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Ni bure, inachukua dakika moja, na itakuambia kama kazi ya kiwandani haijafanyika.

Mtu atasema basi nitafute V8 isiyo na turbo nilale usingizi. Naelewa hamu hiyo. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba Ram, iliyoiondoa Hemi ya lita 5.7 kwenye pikapu ya 2025, ilitangaza Juni mwaka huo huo kwamba inairudisha kwa 2026. Lakini Aprili 2025 General Motors iliita magari karibu 600,000 hapa Marekani yenye V8 ya lita 6.2, isiyo na turbo hata moja, kwa hitilafu za krankishafti na bering. Na yale yaliyokaguliwa yakaonekana salama yalipewa nini? Oili nzito zaidi. Tunarudi pale pale.

Neno moja kwa walioko Denver, Salt Lake City na miji mingine ya milimani. Pampu ya bei rahisi huko imeandikwa 85 badala ya 87. Hoja yake ni ya zamani: hewa ya mlimani ni nyepesi, injini ya kawaida haiibani sana, kwa hiyo petroli dhaifu inatosha. Turbo inaivunja hoja hiyo, kwa sababu kazi yake ni kuirudisha ile hewa iliyopungua. Weka 87 siku za kawaida, na 91 ukivuta trela. Ukitoka kwenye mpando mrefu na mzigo, tembea taratibu dakika mbili za mwisho kabla ya kuzima. Turbo hizi zina maji yanayoendelea kuzipoza hata injini ikizimwa, kwa hiyo si lazima kama zamani, lakini dakika mbili hazikugharimu kitu.

Wapo ninaowaambia wasinunue. Ambaye kazi yake yote iko ndani ya maili tatu za mji wenye baridi. Ambaye fundi wake wa pekee hana mashine ya kusoma injini. Na anayepanga kuitumia miaka miwili kisha aipeleke kwa ndugu Goma au Lubumbashi ikafanye kazi huko: pampu ya petroli ya shinikizo kubwa haina subira na petroli ya kwenye madumu, na sijui ndugu huyo atampata nani wa kuifungua. Mpelekee dizeli rahisi.

Yangu ina maili 148,000. Niliinunua ikiwa na 71,000, kwa mtu aliyekuwa na risiti tatu tu, nikapunguziwa bei kwa ajili hiyo. Oili ya kwanza niliyoimwaga ilinuka petroli. Nimeimwaga kila maili 4,000 tangu hapo. Asubuhi za Januari inakwaruza sekunde moja hivi, mbele, upande wa abiria. Fundi ameisikiliza, akasema bado. Nimefungua akaunti ndogo benki, dola 60 kila mwezi, na nimeipa jina la Cheni.